Ahadi na Mawanda Yake: Kitanzi cha Matukio Kinavyoeleweka Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa dhana za taaluma ya kompyuta zinazompa taabu mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili, iko moja ambayo ugumu wake hautokani na hesabu, wala hauondoki hata pale mwanafunzi anapokijua Kiingereza vizuri. Dhana hiyo ni mawanda ya kitanzi cha matukio katika majaribio ya programu za Python zinazofanya kazi kwa zamu bila kungojana. Mwanafunzi huandika programu ikaenda vizuri, akaandika majaribio kumi ya kuipima, akayaendesha moja moja na yote yakapita. Kisha huyaendesha kwa pamoja; la kwanza likapita na la pili likaanguka. Akibadili mpangilio, lile la pili lililoanguka, ambalo sasa limetangulia, linapita, na jingine linaanguka badala yake. Hapo ndipo anapoanza kuishuku mashine, kisha lugha ya programu, na mwishowe akili yake mwenyewe.

Makala haya yanadai kwamba taabu hiyo inatokana na kuyaelewa mawanda kama eneo au ukubwa wa kitu, ilhali katika suala hili mawanda ni uhusiano kati ya ahadi na mwenye kuitimiza. Swali la msingi ni hili: jambo linalosubiriwa litakapofika, je, yule aliyeahidi kulipokea atakuwa bado yupo? Swali hilo haliulizwi na waandishi wa programu peke yao. Wakulima wa korosho wa Masasi na Newala, katika Mkoa wa Mtwara, wamekuwa wakiliuliza kwa Kiswahili fasaha kila msimu tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza huko katika msimu wa 2007/2008. Kwa hiyo inafaa kuanzia kwao, ili dhana hiyo ielezwe kwa maneno ambayo tayari yana kazi.

2.0 Karani Mmoja na Watu Wengi

Newala imekaa juu, kwenye ukingo wa Uwanda wa Makonde, ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde la Mto Ruvuma likiwa mbali chini yake. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda huo, kati ya vilima vya miamba. Newala wengi ni Wamakonde. Masasi wapo Wamakua, Wayao, Wamakonde na wengineo. Mambo mawili yanaziunganisha sehemu hizi katika miezi ya mavuno: korosho, na Kiswahili ambacho karatasi zote za korosho huandikwa.

Baada ya biashara ya korosho kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, mkulima aliweza kuuza mzigo wake papo kwa papo kwa mnunuzi aliyemfikia. Aliyekuwa na shida ya siku hiyo alikubali bei ya siku hiyo. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 iliweka msingi wa utaratibu mwingine. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi cha ushirika. Hapo hupimwa, hutazamwa daraja lake, na mkulima hupewa stakabadhi. Mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, huorodheshwa, na chama kikuu huuza kwa mnada. Malipo kamili hayawezi kutoka siku ya kupima, kwa kuwa bei yenyewe bado haijajulikana. Kwa hiyo stakabadhi si fedha. Ni ahadi iliyoandikwa kwamba fedha zitakuja, na kwamba zitakuja kwa mtu huyu, kwa uzito huu, kwa daraja hili.

Kazi ya karani wa chama cha msingi inastahili kuangaliwa kwa makini. Karani ni mmoja na wenye magunia ni wengi. Humhudumia mmoja, humwandikia stakabadhi, kisha humwita anayefuata. Hamwambii mkulima wa kwanza asimame pale mezani hadi mnada upite. Angefanya hivyo, foleni yote ingesimama kwa wiki kadhaa. Matokeo ya mnada yanapofika, karani hufungua daftari lake, huwatafuta wenye stakabadhi za mzigo ule, na kuwakamilishia hesabu zao. Karani hafanyi mambo mawili kwa wakati mmoja. Anachofanya ni kutoukalia wakati wa kungoja.

Kitanzi cha matukio ni karani wa namna hiyo. Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya Python, alitoa pendekezo la utaratibu huu mwaka 2012, na maktaba ya asyncio ikaingizwa rasmi katika toleo la 3.4 mwaka 2014. Mwaka uliofuata, toleo la 3.5 lilileta maneno async na await ambayo sasa ndiyo alama ya programu za aina hii. Kila panapoandikwa await, kazi inayoendelea hutamka kwamba imefika mahali pa kungoja: labda jibu la hifadhidata, labda ujumbe kutoka mtandaoni. Hukiachia kitanzi nafasi ya kuhudumia kazi nyingine, nayo hubaki na ahadi mkononi. Jibu linapofika, kitanzi huitafuta ahadi ile, huitimiza, na kazi iliyokuwa ikingoja huendelea pale pale ilipoishia. Programu inayosahau adabu hii, ikang'ang'ania kungoja yenyewe bila kuachia nafasi, huisimamisha foleni nzima, sawa na karani anayefunga daftari na kwenda mnadani mwenyewe.

3.0 Ahadi Ina Mwenyewe

Mpaka hapo maelezo ni mepesi, na vitabu vingi vya kufundishia huishia karibu na hapo. Tatizo la mawanda huanza pale makarani wanapokuwa zaidi ya mmoja, au karani mmoja anapoondoka na mwingine akaingia.

Korosho za Masasi hupitia chama kikuu cha MAMCU, ambacho jina lake linatokana na Masasi na Mtwara. Korosho za Newala hupitia TANECU, ambacho jina lake linatokana na Tandahimba na Newala. Kila chama kikuu kina maghala kinayotumia, orodha zake za mauzo na minada yake. Mkulima wa Masasi akipanda gari hadi Newala na stakabadhi yake mkononi, hatalipwa huko. Stakabadhi yake si ya uongo; uzito ni wa kweli, daraja ni la kweli na jina ni lake. Kasoro ni kwamba katika orodha za huko hakuna mzigo unaolingana na karatasi ile, na hakuna karani anayewajibika nayo. Hakuna mkulima anayehitaji kufundishwa jambo hili. Akiulizwa habari za stakabadhi, mara moja hueleza ni ya chama gani, ya mnada wa ngapi na ya msimu upi.

Programu ya Python ina kosa linalolingana kabisa na safari hiyo. Ahadi iliyoundwa chini ya kitanzi kimoja ikingojwa chini ya kitanzi kingine, Python husimamisha kazi na kutoa ujumbe kwamba ahadi hiyo imeambatishwa kwenye kitanzi tofauti. Lipo na kosa la pili, ambalo ni ndugu wa la kwanza: kazi inapojaribu kutumia kitu kilichofungamana na kitanzi ambacho muda wake umekwisha, ujumbe husema kwamba kitanzi kimefungwa. La kwanza ni sawa na kwenda kwenye mnada usio wako. La pili ni sawa na kwenda kwenye mnada wako baada ya msimu kufungwa. Katika hali zote mbili karatasi ni halali na mwenye kuitimiza hayupo.

Ikumbukwe kwamba ahadi haiandikwi mwenyewe wake kwa herufi zinazoonekana. Mwandishi wa programu huandika await na jina la kitu, basi. Hakuna mahali katika sentensi hiyo panapotaja kitanzi. Ufungamano huwekwa kimyakimya wakati programu inapoendeshwa. Tena wakati wenyewe umebadilika: kabla ya toleo la 3.10 la mwaka 2021, vitu kama kufuli na foleni vya maktaba ya asyncio vilifungamana na kitanzi tangu vinapoundwa. Kuanzia toleo hilo, hufungamana pale vinapolazimika kungoja kwa mara ya kwanza. Mabadiliko hayo yaliondoa makosa mengi, lakini yaliacha moja lililojificha vizuri zaidi. Kufuli lililoundwa juu kabisa ya faili na kutumiwa na vitanzi viwili linaweza kwenda miezi bila tatizo, maadamu hakuna aliyelazimika kulingojea. Siku kazi mbili zinapogombania kufuli hilo ndipo inapojulikana kwamba lilikuwa na mwenyewe.

4.0 Majaribio na Misimu Yake

Katika programu ya kawaida kitanzi huwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo suala la mwenye ahadi halijitokezi. Amri ya kuendesha programu nzima chini ya asyncio, iliyoongezwa katika toleo la 3.7 mwaka 2018, hufungua kitanzi kipya, huendesha kazi hadi ikamilike, kisha hukifunga. Ni msimu mmoja, wenye ufunguzi na ufungaji.

Majaribio yana tabia nyingine. Jaribio jema linatakiwa lisimame peke yake, lisitegemee lililotangulia wala kuliachia uchafu linalofuata. Ndiyo maana pytest-asyncio, programu-jalizi inayotumika sana kupimia msimbo wa namna hii, hulipa kila jaribio kitanzi chake, isipokuwa mwandishi aamue vinginevyo. Kitanzi hufunguliwa jaribio linapoanza na kufungwa linapokwisha. Jaribio la pili hupewa kingine kabisa. Majaribio kumi ni misimu kumi, kila mmoja na karani wake mpya na daftari lake jeupe.

Taabu inaingia kupitia maandalizi. Majaribio mengi huhitaji kitu kitayarishwe kabla, kama vile muunganisho na hifadhidata. Kufungua muunganisho huchukua muda, hivyo mwandishi huamua kuufungua mara moja tu na kuutumia katika majaribio yote. Uamuzi huo una busara yake. Hata hivyo, muunganisho ule ukifunguliwa chini ya kitanzi cha jaribio la kwanza, hufungamana nacho. Jaribio la kwanza linapokwisha, kitanzi hufungwa na muunganisho hubaki, kwa kuwa mwandishi ameagiza ubaki. Jaribio la pili huuchukua na kuutumia chini ya kitanzi chake kipya, na hapo hapo huanguka. Likiendeshwa peke yake, jaribio hilo la pili huwa ndilo la kwanza, kwa hiyo hupita. Fumbo lililomtaabisha mwanafunzi katika utangulizi halina siri zaidi ya hiyo.

Mfumo wa pytest hutambua ngazi 5 za mawanda kwa maandalizi: jaribio moja, tabaka la majaribio, moduli, kifurushi, na uendeshaji mzima. Kosa kubwa la uelewa ni kudhani kwamba ngazi hizo hupima kitu kimoja. Kwa kweli kuna mambo mawili ya kupimwa. Jambo la kwanza ni uhai wa kitu kilichoandaliwa: kitatunzwa hadi lini? Jambo la pili ni kitanzi ambamo kitu hicho kiliandaliwa: chenyewe kitaishi hadi lini? Gunia lina umri wake ghalani, na msimu una umri wake. Kulitunza gunia kwa misimu mitatu hakuufanyi mnada wa msimu wa kwanza ubaki wazi.

Historia ya pytest-asyncio yenyewe inaonyesha kwamba hata watunzaji wake walihitaji muda kuyatenga mambo hayo mawili. Kwa miaka mingi mwandishi aliyetaka kitanzi kipana alilazimika kuyaandika upya maandalizi ya ndani yaliyoitwa event_loop. Toleo la 0.23, lililotoka Desemba 2023, lilileta vitanzi vya ngazi mbalimbali, lakini liliacha kitanzi cha maandalizi kifuate ngazi ya uhai wa maandalizi hayo. Toleo la 0.24 la mwaka 2024 ndilo lililoleta kigezo cha loop_scope, ambacho hutaja mawanda ya kitanzi peke yake, mbali na uhai wa kitu. Hatimaye toleo la 1.0 la mwaka 2025 liliyaondoa kabisa yale maandalizi ya zamani. Kanuni inayotokana na safari hiyo ni fupi: mawanda ya kitanzi yasiwe finyu kuliko uhai wa kitu kilichozaliwa ndani yake, na jaribio linalokitumia kitu hicho liendeshwe ndani ya kitanzi kile kile.

5.0 Kupanua na Kufinya

Mwanafunzi akishaelewa hayo, huwa na njia mbili za kutoka. Njia ya kwanza ni kufinya: kila jaribio lifungue muunganisho wake na kuufunga lenyewe. Faida yake ni usafi. Hasara yake ni muda, maana gharama ya kufungua hulipwa upya kila mara. Njia ya pili ni kupanua: majaribio yote ya moduli, au ya uendeshaji mzima, yashiriki kitanzi kimoja pamoja na muunganisho mmoja. Faida yake ni wepesi. Hasara yake ni kwamba kazi iliyoachwa na jaribio la tatu bila kukamilishwa huendelea kuishi, ikaja kuzinduka katikati ya jaribio la saba na kuliharibu. Mtu anayetafuta kosa ndani ya jaribio la saba hataliona, kwa sababu halimo.

Mwenye ghala anayajua yote mawili. Kusafisha ghala na kulifungua upya kwa kila mzigo ni gharama isiyobebeka. Kuacha korosho za msimu uliopita zichanganyike na za msimu mpya ni kuharibu daraja la zote. Busara imekaa katikati, nayo haina kanuni moja ya jumla. Inategemea nini kinagharimu kufunguliwa, na nini kinaacha mabaki.

Iko na njia ya tatu, ambayo si suluhisho ingawa hufuatwa sana. Katika mikoa ya kusini watu huita kangomba ule ununuzi wa korosho unaofanyika nje ya mfumo rasmi, ambapo mkulima mwenye shida ya leo huuza kwa bei ya chini ili asingoje. Si busara kumlaumu upesi. Ada ya shule na ugonjwa havingoji mnada. Lakini kila anayeijua kangomba anajua pia kwamba anayenunua ndiye anayefaidi kungoja, na anayeuza ndiye anayelipia. Mwanafunzi aliyechoka na jaribio linaloanguka hufanya jambo la kufanana na hilo. Huliwekea alama ya kurukwa, au huliendesha peke yake ili lipite, au huuondoa muunganisho wa kweli na kuweka wa kuigiza usiongoja chochote. Orodha ya majaribio hubaki ya kijani, naye hupata nafuu ya siku ile. Gharama huja baadaye, na mara nyingi humwangukia mtumiaji wa programu ambaye hakuwapo wakati wa uamuzi. Jaribio linalopita kwa namna hiyo ni stakabadhi isiyo na mzigo ghalani.

6.0 Pale Mnada Unapobadilika Katikati

Msimu wa 2018 unaonyesha uzito wa suala hili nje ya kompyuta. Katika minada ya kwanza ya msimu huo, Oktoba 2018, wakulima walizikataa bei zilizotolewa na wanunuzi. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Bei hiyo ilikuwa juu ya zile zilizokataliwa, na wengi waliipokea kwa furaha.

Hata hivyo, mzigo uliokuwa maghalani ulikuwa umepokelewa chini ya utaratibu mmoja, na sasa ulitakiwa kulipwa chini ya utaratibu mwingine. Stakabadhi zilizoandikwa kwa ajili ya mnada wa chama kikuu zilihitaji kutambuliwa na mlipaji ambaye hakuwa sehemu ya mnada huo. Ndipo neno uhakiki likashika nafasi kubwa katika mazungumzo ya msimu ule: mashamba yalihakikiwa, wenye mizigo walihakikiwa, ili ijulikane nani ni mkulima na nani alikusanya kwa kangomba. Wako waliolipwa mapema, na wako waliongoja miezi mingi. Si lazima kuingia hapa katika mjadala wa sera ili kuona kiini cha jambo. Ahadi haikuhama yenyewe kutoka kwa mtimizaji wa kwanza kwenda kwa wa pili. Ilibidi ithibitishwe moja moja na kufungwa upya.

Python nayo hairuhusu ahadi ihame kimyakimya. Inayo njia rasmi ya kukabidhi kazi kwa kitanzi kilicho hai katika uzi mwingine, lakini njia hiyo hudai kitanzi kitajwe kwa jina. Ukali huo unaweza kumkera anayejifunza, naye angependa mashine imalize mambo yenyewe. Aliyeishi Masasi au Newala mwaka 2018 ana sababu ya kuuelewa. Kosa linalotangazwa mapema kwamba ahadi hii si ya hapa lina nafuu kuliko kungoja kusikojulikana mwisho wake.

Tangu Oktoba 2024 minada ya korosho imehamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei sasa hutolewa kupitia kompyuta, na mkulima aliyeko kijijini huendelea kungoja kama zamani. Kwa hiyo habari za ahadi, kungoja na mwenye kutimiza zimekutana mahali pamoja: korosho na programu sasa vimo katika kazi moja. Vijana wa uwanda huo watakaoitwa kuandika na kupima mifumo ya aina hii watahitaji kulielewa suala la mawanda kwa undani, na yafaa walielewe katika lugha ambayo wazazi wao huulizia malipo yao.

7.0 Suala la Istilahi

Uwanda wa Makonde na maeneo yanayouzunguka si wageni katika historia ya taaluma ya Kiswahili. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa lugha hii kilichapishwa mwaka 1870, ndiye aliyeongoza msafara ulioanzisha misheni ya Masasi mwaka 1876. Katika zama za karibu zaidi, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kuonyesha kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kukaa katika Kiswahili bila kulazimishwa. Kilichobaki ni kuzishughulikia dhana za ndani zaidi, zile ambazo mtumiaji wa kawaida haoni lakini mjenzi wa mifumo hawezi kuziepuka.

Kwa dhana inayojadiliwa hapa, maneno matatu hushindana. Mzunguko lina faida ya kuonyesha kurudiarudia, lakini halionyeshi kwamba vitu hufungwa humo. Duru huleta wazo la zamu yenye mwanzo na mwisho, nalo linafaa kwa suala la kufunguliwa na kufungwa. Upungufu wake ni kwamba duru moja ni raundi moja, ilhali kinachozungumziwa hupita raundi nyingi sana katika uhai wake. Kitanzi lina kivuli cha kunyongea ambacho baadhi ya walimu hawakipendi. Pamoja na hayo ndilo neno lililotumika katika makala haya, kwa sababu kitanzi hufunga kitu mahali, na kilichofungwa katika kitanzi kimoja hakivutwi kwa kamba ya kingine. Kwa dhana ya pili, mawanda linafaa kuliko upeo au eneo, ilimradi mwalimu asiliache lielekee kwenye ukubwa wa mahali tu.

Lakini uteuzi wa neno moja moja si kazi yote. Sarufi ya Kiswahili ina nyenzo ambayo sentensi ya Python haina, nayo ni kiunganishi cha a-unganifu. Mtu akisema ahadi tu, msikilizaji wake huwa na haki ya kuuliza: ahadi ya nani? Akisema stakabadhi, huulizwa: ya ghala lipi, ya msimu upi? Katika ofisi ya chama cha msingi maswali haya ni ya kila siku. Mwanafunzi anayezoeshwa kusoma kila await kwa kuongeza maneno ya kitanzi kipi, na kila maandalizi kwa kuongeza ya kuishi hadi lini, huyaona makosa ya mawanda kabla hajaendesha jaribio hata moja. Mbinu hii haidai vifaa wala fedha. Inadai kwamba mwalimu asitafsiri ujumbe wa kosa neno kwa neno, bali auulize kama mkulima anavyoiuliza karatasi yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mawanda ya kitanzi cha matukio yanaeleweka vizuri zaidi yakichukuliwa kuwa uhusiano wa ahadi na mwenye kuitimiza. Majaribio yanayopita peke yake na kuanguka yakiwa pamoja huwa, mara nyingi, yanashika ahadi ambazo karani wake amekwisha kuondoka. Tiba ni kuyatenga mambo mawili, uhai wa kitu na uhai wa kitanzi, kisha kuhakikisha kwamba cha pili hakitangulii kufa.

Inapendekezwa kwamba wanaounda istilahi za taaluma ya kompyuta wasiishie kwenye kamusi. Wafike pia pale ambapo watu wanaungoja mnada, wasikilize maswali yanayoulizwa foleni ikiwa ndefu. Lugha ya stakabadhi, mzigo, msimu, mnada na uhakiki imekwisha kupimwa na watu ambao kukosea kwao maana kungewagharimu mavuno ya mwaka. Istilahi iliyopita katika kipimo hicho ina sababu ya kuaminiwa darasani.